Yai la Kuku, Figo ya Tumbili

Katika friji za maagroveti ya Thika na Ruiru, kando ya chanjo ya Gumboro na ya ndui ya kuku, hukaa vichupa vidogo vyenye unga mkavu uliogandamana chini. Kibandiko kinasema ni vya kideri na IB. Hiyo IB ni bronkitisi ya kuku, na bronkitisi ya kuku huletwa na kirusi cha korona. Unga ule haukuuawa. Ni kirusi hai kilicholazwa kwa baridi na ukavu. Mfugaji wa Ngoingwa au Kimbo huwanyima vifaranga maji kwa muda ili waone kiu, hukoroga maziwa ya unga katika ndoo ya maji ili klorini ya maji ya bomba isiiharibu chanjo, kisha hufungua kile kichupa na kukimimina. Kwa lugha kavu isiyoremba mambo, amewanywesha kuku wake korona, tena kwa hiari na kwa pesa yake.

Wala hakukosea. Kirusi hicho hakina habari na binadamu, na kwa kuku kimeshapoozwa makali. Aina inayotumika zaidi duniani huitwa H120. Kirusi chake kilianzia Uholanzi. Ile 120 ni idadi ya mara kirusi kilipopitishwa kutoka yai moja lenye kiinitete hadi jingine. Kabla yake kulikuwa na H52, ndugu yake aliyepita mayai 52 tu. Huyo bado ana meno, na hupewa kuku wakubwa waliokwisha kuchanjwa mara ya kwanza. Kufikia yai la 120, kirusi kilikuwa kimelainika kiasi cha kupewa kifaranga wa siku moja.

Nataka kukaa na namba hiyo, maana imebeba swali linalowafuata wote wanaokuza virusi vya wanyama maabarani. Kitu kilichopita mikononi mwetu mara 120, je, bado ni kile tulichokitoa kwa mnyama? Na kama sicho, tunapoweka virusi viwili sambamba na kusema hiki ni kikali na kile ni kipole, tunalinganisha nini hasa?

Kwa wengi wetu korona ilizaliwa mwaka 2020, pamoja na barakoa, kafyu na ndoo za kunawia mikono mlangoni mwa kila duka. Wafugaji wa kuku walikuwa wakiishi nayo zamani, hata kama hawakuijua kwa jina hilo. Mwaka 1931, Schalk na Hawn waliandika kuhusu ugonjwa mpya wa kupumua uliokuwa ukiua vifaranga huko North Dakota, Marekani. Mwaka 1937, Beaudette na Hudson wakafaulu kukikuza kirusi chake ndani ya mayai ya kuku. Hata leo njia haijabadilika sana. Huchukuliwa yai lenye kiinitete cha siku tisa hadi kumi na moja, ganda likatobolewa tundu dogo, tone la majimaji yaliyopanguswa kwenye koo la kuku mgonjwa likapenyezwa ndani, tundu likazibwa na yai likarudishwa kwenye joto. Mayai hayo humulikwa kila siku kuona kama kiinitete kingali hai. Katika yai la kwanza mara nyingi hakuna cha kuonekana. Ni katika la tatu, la nne au la tano ambapo kiinitete hutoka kimedumaa, kimejikunja kama ngumi. Hapo ndipo mtafiti husema kirusi kimekua.

Tazama hesabu ilivyo. Siku ile tunayosema tumekiona, tayari kimeishi katika mayai kadhaa. Tunachokiona ni kizazi kilichokubali yai.

Eneo hili si geni kwa kazi ya kukuza uhai ndani ya chupa. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kimewauzia wakulima miche ya migomba ya tishu kalcha kwa miaka mingi. Pale Ruiru, watafiti wa kahawa waliotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, yenye kuhimili ugonjwa wa chulebuni, nao hutumia tishu kalcha kuizalisha. Mkulima anayenunua mche wa namna hiyo ananunua ahadi: kwamba huu ni sawasawa na mama yake. Kirusi hakitoi ahadi hiyo. Ujumbe wake wa urithi una herufi elfu 27 na ushei, na kila unaponakiliwa makosa hupenya. Virusi vya korona vina kimeng'enya cha kuhariri nakala zao, jambo ambalo ni nadra kwa virusi vya aina yake, lakini hata mhariri makini huacha makosa. Mengi ya makosa hayo hayana maana. Machache humpa mwenye nayo nafasi ya kuzaana kwa kasi kuliko wenzake katika mazingira mapya, na baada ya vizazi kadhaa wenzake wamekwisha kutoweka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kirusi kilichoingizwa katika yai au katika chupa ya seli ni mgeni wa namna hiyo. Mwanzoni anakaa kwa adabu na desturi za kwao. Muda si muda ameshika jembe la nyumba, analima wanavyolima wenyeji, na kazi aliyokuwa akiifanya kwao imeanza kumtoka. Kirusi cha bronkitisi kwao ni koo la kuku mzima: mtaa wenye kamasi, wenye vinyweleo vinavyofagia usiku na mchana, wenye askari wa kinga wanaopita kila saa. Ndani ya yai hakuna askari wa maana. Silaha zisizotumika huachwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni aina ya Beaudette, iliyobeba jina la yule mtafiti wa 1937. Imepita katika mayai mara nyingi mno hata ikajifunza kukua katika seli za figo ya tumbili, jambo ambalo virusi vya bronkitisi vinavyotoka mabandani havifanyi. Kwa sababu inakua kirahisi, ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu namna kirusi hiki kinavyoingia ndani ya seli ilitoka kwake. Lakini ukimpa kuku, haugui. Korona ya kuku mashuhuri kuliko zote maabarani imesahau kumwuguza kuku.

Hapa ndipo jambo hili linapogeuka, na ndipo linaponivutia. Upotovu ule ule unaomharibia mtafiti picha ndio unaompa mfugaji dawa. Kaunti yetu ya Kiambu ina mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo, ingawa kirusi chenyewe hakikuwa cha korona. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Muguga, Walter Plowright na wenzake walichukua kirusi cha sotoka aina ya Kabete O wakakipitisha katika seli za figo za ndama, chupa hadi chupa, takriban mara 90. Kilipotoka kilikuwa hakimwuguzi ng'ombe tena, ila kilimwachia kinga ya maisha. Chanjo hiyo ilienea Afrika na Asia, ikamletea Plowright Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena. Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati wa Meru, hapa hapa Kenya, mwaka 2001. Ugonjwa ulioangamiza mifugo ya Wamaasai mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ulimalizwa na kirusi kilichosahaulishwa kazi yake ndani ya chupa.

Kwa hivyo kukuza ni kuteua. Mara tunateua kwa kukusudia, tukapata chanjo. Mara tunateua bila kujua, tukapata picha isiyo ya kweli. Chupa ni ile ile.

Chupa inayotumika kuliko zote ina historia yake. Machi 1962, Yasumura na Kawakita wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walichukua figo ya tumbili mmoja jike wa Afrika, wakazitenganisha seli zake na kuzikuza. Hazijaacha kugawanyika tangu siku hiyo. Huitwa seli za Vero, na hakuna maabara ya virusi duniani isiyozijua. Jamaa wa tumbili huyo tunawafukuza kila msimu wa mahindi huku mashambani chini ya Ol Donyo Sabuk, bila kufikiria kwamba nusu ya elimu ya virusi imejengwa juu ya figo ya mmoja wao. Seli hizi zina kasoro iliyo faida: haziwezi kutengeneza interferoni, ile protini ambayo seli iliyovamiwa huitoa kuzitahadharisha jirani zake. Virusi vya kila namna huzipenda kwa sababu hiyo. Vinaingia mtaa usio na kamsa.

Mwaka 2020 dunia nzima iliona gharama ya mtaa huo. Kirusi cha UVIKO-19 kilipokuzwa katika seli za Vero, mara kwa mara kilipoteza, baada ya kupitishwa mara chache tu, kipande kidogo cha protini ya mwiba ambacho kinakisaidia kuingia katika seli za njia ya hewa ya binadamu. Figo ya tumbili haikuwa na haja nacho, kwa hivyo waliokuwa hawana kipande hicho wakawashinda waliokuwa nacho. Maabara nyingi zikalazimika kuhamia seli za mapafu ya binadamu, au kuziongezea seli za Vero kimeng'enya zilichokosa, ili kirusi kibaki na sura yake. Mtu aliyejaribu dawa juu ya kirusi kilichokwisha kupoteza kipande hicho alikuwa akipima kitu kingine, ingawa kibandiko cha kichupa kilisema ni kile kile.

Je, basi tuache kulinganisha? Hapana. Baadhi ya tuliyoyaelewa vyema zaidi kuhusu korona yalitokana na kulinganisha kulikofanywa na watu waliojua nyumba waliyotumia. Mwaka 1965, David Tyrrell na Bynoe walikuwa Salisbury, Uingereza, wakihangaika na kamasi ya mtu mwenye mafua ambayo ilikataa kukua katika chupa za kawaida. Wakaacha seli zilizotawanywa, wakatumia kipande kizima cha koo la kijusi cha binadamu, kikiwa na vinyweleo vyake vinavyopepea.  Njia hiyo hiyo, kwa pete nyembamba za koo la kiinitete cha kuku, ndiyo inayotumiwa mpaka leo kutofautisha aina za bronkitisi, na ishara ya kuwa kirusi kimeshika ni rahisi kusomeka: vinyweleo vinasimama. Ni kazi ya mikono na ya macho, lakini inampa kirusi nyumba inayofanana na kwao.

Tyrrell alimpelekea sampuli zake June Almeida, binti wa dereva wa basi wa Glasgow aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kuwa bingwa wa hadubini ya elektroni. Almeida alikuwa ameshaiona sura ile: chembe za mviringo zenye taji la miiba. Aliiona kwa kirusi cha homa ya ini ya panya na kwa kirusi cha bronkitisi ya kuku. Makala aliyoandika awali ilikataliwa na wahakiki kwa madai kwamba zile ni picha mbovu za kirusi cha influenza. Mwaka 1967 yeye na Tyrrell walichapisha picha zao, na mwaka uliofuata kundi hilo likapewa jina. Kwa maneno mengine, tuliitambua korona ya binadamu kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa amemtazama kuku kwanza.

Ukoo ulizidi kujulikana. Kirusi kinachowaharisha ndama, ambacho mfugaji wa maziwa wa Gatundu hukutana nacho bila kukijua kwa jina, kilikuzwa katika seli za figo za ng'ombe huko Nebraska mapema miaka ya 1970. Kinafanana mno na OC43, mojawapo ya virusi vinavyotupa mafua ya kawaida. Waliolinganisha herufi zao wanakadiria kwamba viliachana karibu na mwaka 1890. Yaani mafua tunayoyadharau huenda yalitoka zizini wakati mababu wa mababu zetu wakiwa hai.

Ngamia wa Kenya nao wameingia katika ukoo huo. Baada ya kirusi cha MERS kugunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, watafiti walirudi kwenye seramu za zamani zilizohifadhiwa kwenye majokofu. Katika sampuli za ngamia 774 wa Kenya zilizochukuliwa kati ya 1992 na 2013, karibu tatu katika kila kumi zilikuwa na kingamwili za kirusi hicho. Halafu walipopima watu 1,122 wa mashariki mwa nchi, ni wawili tu waliokuwa na kingamwili zilizothibitishwa. Huko Uarabuni kirusi hicho kimeua zaidi ya theluthi ya wagonjwa waliojulikana. Kwa nini huku kinapita kimya? Sehemu ya jibu ilitafutwa chupani: virusi kutoka kwa ngamia wa Afrika vilipowekwa sambamba na vya Uarabuni katika seli na tishu za mapafu ya binadamu, vya Afrika kwa jumla vilikua polepole zaidi. Hiyo ni habari njema, lakini iko ndani ya masharti yake. Inasema jinsi vinavyokua katika mapafu ya binadamu yaliyowekwa mezani. Haisemi mchungaji wa Marsabit anakutana na pua za ngamia mara ngapi kwa siku, wala kirusi kitajifunza nini kesho.

Kisha kuna vile visivyokua kabisa. Mwaka 2006 watafiti walipima popo 221 wa Kenya, wakakuta alama za virusi vya korona kwa 41. Alama hizo zilikuwa herufi za urithi, na virusi vingi vya popo vimebaki herufi mpaka leo. Havikubali yai, havikubali figo ya tumbili. Kimoja, kilichotoka kwa popo wa Kenya wa ukoo wa Rhinolophus, kiko upande wa kundi la kirusi cha UVIKO-19. Mwaka 2022 wanasayansi wa Seattle walichukua maelezo ya mwiba wake peke yake, bila kirusi kamili, wakaonyesha kwamba mabadiliko mawili tu yangetosha kuuwezesha kushika mlango wa seli ya binadamu. Ilikuwa njia ya kuuliza swali bila kumwalika mgeni nyumbani, na nadhani hekima ya fani hii itapimwa zaidi na zaidi kwa uwezo huo wa kujua ni kipi kinafaa kukuzwa na ni kipi kiachwe kikiwa herufi.

Kwa bronkitisi ya kuku, jibu langu ni kwamba kikuzwe, na kikuzwe karibu na mabanda. Kirusi hiki kina aina nyingi, na kinga dhidi ya aina moja haimlindi kuku ipasavyo dhidi ya nyingine. H120 ni ya ukoo wa Massachusetts. Uingereza ilikutana na 793B mwanzoni mwa miaka ya 1990, na China ikakutana na QX miaka michache baadaye. Mfugaji wa Landless au Gatong'ora aliyechanja kwa wakati, halafu akaona utagaji umeshuka, maganda yamekuwa laini na yenye makunyanzi, na ute wa yai unatiririka kama maji, ana haki ya kujua kama chanjo iliharibikia njiani au kama bandani mwake mna aina nyingine kabisa. Herufi zinaweza kuonyesha ukoo. Lakini swali linalomgusa, kama kingamwili za chanjo aliyonunua zinakizuia kirusi chake, hujibiwa kwa kuvikutanisha viwili hivyo ndani ya kitu kilicho hai na kungoja kuona nani anashinda.

Na hapo kuna kikwazo ambacho mtu wa Thika atacheka kukisikia, kwa jinsi mayai yalivyojaa mjini kwake. Mayai hayo hayafai. Kuku aliyechanjwa humwekea mtoto wake kingamwili ndani ya kiini, na kirusi kikiingizwa humo hakifiki mbali. Maabara inahitaji mayai ya kuku waliotengwa tangu kuanguliwa, ambao hawajachanjwa na hawajapata kuugua. Ili tumsome kuku wa kawaida, tunalazimika kumfuga kuku asiyeishi kama kuku yeyote wa huku.

Silioni hilo kuwa sababu ya kuidharau maabara. Ni sababu ya kuidai itutajie nyumba. Tunaposoma kwamba kirusi fulani cha mnyama ni hatari, au si hatari, au kimeshindwa na dawa fulani, tuulize kilikuzwa katika seli za nani, kimepitishwa mara ngapi, na seli hizo zina nini au zimekosa nini. Aliyetengeneza H120 aliandika jibu la mojawapo ya maswali hayo katika jina lenyewe, kwa namba, wazi kwa yeyote anayejua kulisoma. Kila matokeo yanayotoka chupani yangetolewa kwa uungwana huo, mfugaji na mtafiti wangekuwa wanazungumza juu ya kirusi kimoja.